Kupima Utendaji wa Akili kwa Kifuatilia Macho Baada ya Kuumia Kichwa: Hatua kwa Hatua

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. Kifaa kiwe cha Hz ngapi, yaani kipige picha ngapi za jicho kwa sekunde? Nimpime mgonjwa nini hasa? Namba zikishatoka, nizisomeje? Mwongozo huu ni wako wewe daktari, mwanasaikolojia wa tiba, mtaalamu wa viungo au msaidizi wa utafiti uliyekabidhiwa kifuatilia macho na watu walioumia kichwa, na hujui uanzie wapi. Tutafuata kikao kimoja, kuanzia mgonjwa anapoingia mlangoni hadi ripoti inapoandikwa.

Shika jambo moja tangu sasa, maana ndilo linaloharibu kazi nyingi. Jicho linaweza kuchelewa au kukosea kwa sababu nyingi, na akili ni mojawapo tu. Kuna misuli ya jicho, neva zake, miwani, dawa, usingizi na maelekezo yasiyoeleweka. Namba haisemi chochote kuhusu akili mpaka hayo mengine yameondolewa. Kwa hiyo baadhi ya hatua zilizo hapa chini hazina uhusiano na kompyuta.

Kwa nini macho? Kumwambia mtu "nukta ikitokea kulia, wewe tazama kushoto" kunamlazimu azuie hamu ya kutazama kitu kipya, akumbuke alichoagizwa, kisha aupange mwendo wa kwenda mahali pasipo na kitu. Kazi hiyo inategemea sana sehemu za mbele za ubongo na nyuzi ndefu zinazoziunganisha na sehemu nyingine, na nyuzi hizo ndizo zinazovutwa na kukatika kichwa kinapotikisika kwa nguvu. Nadharia ya kutosha ni hiyo.

Kifuatilia macho hakichukui nafasi ya daktari wala kipimo cha CT (picha ya ndani ya kichwa). Hata EyeBOX, kifaa ambacho FDA, mamlaka ya Marekani ya dawa na vifaa tiba, ilikiruhusu mwishoni mwa 2018 kwa wanaoshukiwa kuwa na mtikisiko wa ubongo, kiliruhusiwa kama msaada wa tathmini ya daktari.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

Kifuatilia macho cha kamera na mwanga wa infraredi (mwanga usioonekana kwa macho). Kwa kazi hii chagua kisichopungua Hz 250. Mruko wa jicho (jicho linapohama ghafla kutoka sehemu moja hadi nyingine) wa digrii 10 huchukua takriban milisekunde 45. Kifaa cha Hz 60 hupiga picha kila baada ya milisekunde 16.7, hivyo mruko wote unapata picha mbili au tatu. Hapo utajua jicho lilikwenda upande gani, lakini kasi yake ya juu hutaipata, na muda wa kuanza utakuwa wa kukadiria. Kwa Hz 250 unapata picha 11 hivi. Cha Hz 1000 ni kizuri zaidi, ila si lazima. Kama ulicho nacho ni cha Hz 60, kitumie kuhesabu makosa ya upande na utulivu wa kutazama, na usiandike kasi kwenye ripoti.

Skrini ya inchi 24 au zaidi, iliyo peke yake. Skrini za kompyuta mpakato hazitoshi, sababu utaiona katika hatua ya 3.

Egemeo la kidevu na paji la uso, kiti kisicho na magurudumu, utepe wa kupimia, kadi ya kupimia uwezo wa kuona, kalamu yenye ncha ya rangi ya kung'aa, na kitambaa cha kuziba jicho moja.

Kihisi-mwanga kidogo cha kubandika kwenye pembe ya skrini. Wengi hukiruka kwa kuwa hakimo kwenye boksi, kumbe bila hicho hujui nukta ilitokea lini kwa kweli.

Fomu ya ridhaa, na namba ya siri itakayotumika badala ya jina. Video ya jicho kwa karibu huonyesha airisi (sehemu ya jicho yenye rangi), na airisi humtambulisha mtu kama alama ya kidole. Itunze kwa uangalifu ule ule.

HATUA

1. Hakikisha mgonjwa anafaa kupimwa leo

Uliza kwanza dalili za hatari: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika tena na tena, degedege, kuchanganyikiwa kunakoongezeka, udhaifu wa mkono au mguu, usingizi mzito usio wa kawaida, mboni moja kubwa kuliko nyingine ambayo haikuwa hivyo awali. Ukikuta hata moja, usiwashe kifaa. Mpeleke dharura.

Kisha andika tarehe ya kuumia, alama za GCS (kipimo cha kiwango cha fahamu) alizopata siku hiyo (13 hadi 15 huhesabiwa jeraha jepesi, 9 hadi 12 la wastani, 3 hadi 8 kali), muda aliopoteza fahamu, na muda ambao kumbukumbu ilikatika.

Dawa ziandike zote, pamoja na saa aliyomeza ya mwisho. Diazepamu na ndugu zake, dawa za kutuliza, hupunguza kasi ya miruko na kuongeza makosa. Fenitoini na karbamazepini, dawa za degedege, zinaweza kuyafanya macho yachezecheze yenyewe, hasa dozi ikizidi. Mofini na jamii yake hubana mboni, na mboni ndogo sana humsumbua hata kamera. Pombe ya jana usiku nayo ina hesabu yake. Usimwambie mgonjwa aache dawa ili apimwe. Andika tu, na vikao vijavyo vifanyike saa ile ile baada ya dozi.

Mwulize alilala kwa muda wa saa ngapi. Aliyelala kwa muda wa saa 3 tu, mpangie siku nyingine ikiwezekana.

Mwombe pia akupe alama za 0 hadi 10 kwa maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na ukungu wa kuona. Utaziuliza tena kila baada ya fungu la majaribio. Zikipanda kwa 2 au zaidi, pumzisheni. Zisiposhuka baada ya dakika 5 za kupumzika, acha kwa leo.

2. Pima macho yenyewe

Hatua hii inachukua dakika 10 na ndiyo inayookoa tafsiri yako yote.

Pima uwezo wa kuona kila jicho peke yake, akiwa na miwani yake. Pima uwanja wa kuona kwa vidole, robo kwa robo: aliyepoteza nusu ya uwanja upande wa kushoto atachelewa kwa nukta za kushoto kwa sababu hazioni, na akili haihusiki. Chora herufi H hewani kwa kalamu na uangalie kama macho yote mawili yanafika pembeni pamoja. Neva ya 6 ya kichwa (mojawapo ya zinazosogeza jicho) ikiumia, jicho halifiki upande wa nje. Ya 4 ikiumia, mgonjwa huinamisha kichwa upande mmoja na hulalamika kuona vitu viwiliviwili anaposhuka ngazi. Ya 3 huja na kope iliyoanguka.

Mwisho sogeza ncha ya kalamu polepole kuelekea puani hadi aone mbili au jicho moja liachie. Mtu mzima mwenye macho mazuri huwa anafika sentimita 5 hivi. Baada ya mtikisiko wa ubongo wengi huachia mapema zaidi, na hao huchoka haraka mbele ya skrini hata kama akili yao iko sawa.

Ukikuta tatizo, si lazima uahirishe. Pima kwa jicho zuri pekee, ziba lingine, na uandike hivyo kwa herufi kubwa juu ya fomu.

3. Panga chumba, kiti na skrini

Taa za chumba ziwe hafifu na zisizobadilika. Funga mapazia, kwa kuwa jua lina infraredi nyingi na kamera hulichanganya na mwanga wake yenyewe. Usimwangazie taa usoni.

Umbali kutoka jicho hadi skrini uwe sentimita 60, upimwe kwa utepe kila kikao. Macho yakutane na theluthi ya juu ya skrini. Kwa umbali huo digrii 1 ni sentimita 1.05, na nukta ya digrii 10 kutoka katikati inakaa sentimita 10.6 pembeni. Kwenye skrini ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa upana, hiyo ni kama pikseli 382. Kanuni ni rahisi: zidisha umbali kwa tanjenti ya pembe.

Sasa angalia kwa nini kompyuta mpakato haifai. Duara la hatua ya 8 lina nusu-kipenyo cha digrii 10, yaani kipenyo cha sentimita 21.2. Skrini ya inchi 15.6 ina kimo cha sentimita 19.4. Duara halienei. Anayelipunguza ili lienee amebadilisha kipimo, na hawezi tena kulinganisha na wengine.

Mandharinyuma yawe kijivu na nukta ziwe za mwangaza usiobadilika. Wagonjwa wengi hawavumilii weupe mkali, na zaidi ya hapo mboni ikipanuka au kubana, kifaa huona kana kwamba jicho limesogea. Epuka picha zinazomwekamweka: baada ya kuumia kichwa kuna wanaopata degedege.

4. Pima ucheleweshaji wa skrini

Bandika kihisi-mwanga kwenye pembe, fanya programu iwashe mraba mdogo mweupe hapo kila nukta inapotokea, kisha linganisha muda uliorekodiwa na programu na muda ambao mwanga ulionekana kweli. Tofauti ikiwa thabiti, itoe kwenye kila kipimo. Ikirukaruka kati ya jaribio moja na jingine, zima programu nyingine zote, ondoa skrini ya pili, na upime upya. Fanya hivi mara moja kila unapobadilisha kompyuta, skrini au toleo la programu.

5. Kalibresheni

Hapa unakifundisha kifaa kujua jicho linatazama wapi. Mketishe, kidevu kwenye egemeo, miguu chini. Tumia nukta 9. Mwambie: "Tazama katikati ya kila nukta, usiikimbilie inayofuata kabla haijatokea." Kisha pitisha uhakiki: wastani wa kosa usizidi digrii 0.5, na nukta yoyote isizidi digrii 1. Haikufika? Rudia. Rudia hata mara tatu. Kalibresheni mbaya hairekebishiki baadaye kwa hesabu.

Rekodi macho yote mawili kila inapowezekana. Mwenye makengeza au anayeona viwiliviwili afanyiwe kalibresheni jicho moja moja, lingine likiwa limezibwa, vinginevyo hujui ni jicho lipi lililotazama nukta.

Kosa la kawaida: kukubali kalibresheni kwa sababu mgonjwa amechoka. Kama amechoka kiasi hicho, kikao kimekwisha.

6. Miruko ya kuelekea nukta: fungu la kwanza

Majaribio 60. Nukta ya katikati ikae kati ya sekunde 1 na 3.5, muda ukibadilika bila mpangilio ili asiweze kubahatisha. Ikiondoka, nukta ya pembeni itokee papo hapo, kulia au kushoto bila mpangilio, digrii 8 hadi 10, na ikae sekunde 1. Maagizo: "Tazama katikati. Nukta ikitokea pembeni, itazame haraka uwezavyo."

Usiache pengo la skrini tupu kati ya nukta mbili hizo. Pengo la milisekunde 200 tu hufanya macho yaondoke mapema na makosa yaongezeke. Ni kipimo kizuri, ila ni kipimo kingine.

7. Miruko kinyume: kiini cha kikao

Mafungu 3 ya majaribio 40, mapumziko ya dakika 1 katikati, na mpangilio wa nukta ule ule. Baada ya hapo rudia fungu la hatua ya 6, majaribio 60 tena. Mpangilio huu wa 60, 40, 40, 40, 60 ulipendekezwa mwaka 2013 na kundi la watafiti wa kimataifa ili maabara mbalimbali ziweze kulinganisha matokeo. Ufuate ulivyo. Bila mapumziko huchukua kama dakika 13.

Maagizo yasomwe kutoka kwenye karatasi, neno kwa neno, kwa kila mtu: "Tazama katikati. Nukta ikitokea pembeni, usiitazame. Tazama upande wa pili, umbali ule ule, haraka uwezavyo. Ukikosea, jirekebishe na uendelee." Mpe majaribio 10 ya mazoezi. Kisha mwulize akueleze kwa maneno yake anatakiwa kufanya nini. Asipoweza kueleza, rudia maagizo. Aliyeumia sehemu ya mbele ya ubongo anaweza kueleza vizuri kabisa na bado ashindwe kufanya. Hilo ni tokeo la kweli, liandike.

Usimsahihishe katikati ya fungu, wala usigune. Mgonjwa huyu anajua anapokosea, na wengi huumia moyoni. Kabla hamjaanza, mweleze kwamba watu wenye afya nao hukosea hapa.

Akishindwa kustahimili mafungu yote, punguza idadi ya mafungu na uache kila kitu kingine kama kilivyo. Kumbuka tu kwamba kwa fungu moja la majaribio 40, kosa moja ni asilimia 2.5, kwa hiyo asilimia unayopata hapo ni ya kutetereka.

Kati ya mafungu, hakiki kalibresheni kwa nukta ya katikati. Kichwa kikisogea hata kidogo, fanya kalibresheni upya.

8. Kufuata nukta inayozunguka

Nukta ya nusu digrii izunguke kwenye duara la nusu-kipenyo cha digrii 10, mzunguko mmoja kila sekunde 2.5. Kasi yake ni kama digrii 25 kwa sekunde. Mizunguko 6, halafu pumziko, mara 3. Mzunguko wa kwanza wa kila seti utupe, kwani jicho bado linajipanga.

Mtu mwenye umakini mzuri huitabiri nukta na jicho hukaa nayo. Umakini ukiyumba, jicho linabaki nyuma, linaruka kuifikia, au linaitangulia. Kinachohitajika hapa ni mtawanyiko wa umbali kati ya jicho na nukta. Wastani peke yake unadanganya: kubaki nyuma na kutangulia vikichanganywa hufutana.

Hapa ndipo kizunguzungu huja. Uliza alama za dalili kabla na baada.

9. Mruko wa kumbukumbu, akiwa bado na nguvu

Nukta ya pembeni inamulika kwa milisekunde 100 wakati yeye anatazama katikati. Anasubiri sekunde 1 hadi 3. Nukta ya katikati ikizimika, anatazama mahali ile ya pembeni ilipokuwa. Unapima umbali wa kosa, na ni mara ngapi aliondoka kabla ya kuruhusiwa. Majaribio 30 yanatosha. Asiye na nguvu aende nyumbani.

10. Safisha data

Ondoa kupepesa kwa kope pamoja na milisekunde 100 kila upande, kwa sababu kope inaposhuka hufunika mboni na kifaa huona "mwendo" ambao haupo. Mruko utambuliwe pale kasi inapovuka digrii 30 kwa sekunde. Tupa jaribio ambalo jicho halikuwa katikati nukta ilipotokea, na lile ambalo mruko ulianza kabla ya milisekunde 80: huyo alibahatisha, hakuiona nukta. Ya zaidi ya milisekunde 600 yaweke kando uyaangalie moja moja.

Hesabu umetupa mangapi. Yakizidi robo ya majaribio, usitoe alama kwa fungu hilo.

11. Tazama michoro kwa macho yako

Usiache hatua hii kwa programu. Fungua jaribio moja la mruko kinyume. Nukta imetokea kulia, digrii 10. Kwa milisekunde 190 mstari umelala bapa kwenye sifuri. Kisha unapanda ghafla hadi digrii 6 upande wa kulia, unatulia milisekunde 130, halafu unashuka kwa mruko mkubwa hadi digrii 9 upande wa kushoto. Huyu alivutwa na nukta, akajikamata, akajirekebisha. Maagizo anayakumbuka, kilichomshinda ni kujizuia.

Linganisha na mchoro mwingine: mstari unapanda hadi digrii 10 kulia na kukaa hapo hadi mwisho. Moja au mawili ya namna hii si neno. Yakiwa kumi mfululizo, kuna uwezekano agizo lilimtoka kichwani au hakulielewa tangu mwanzo. Programu huandika yote mawili "kosa". Wewe yahesabu mbalimbali.

12. Hesabu na ulinganishe

Tuseme kati ya majaribio 120, halali ni 108. Makosa ni 34, yaani asilimia 31.5. Yaliyorekebishwa ni 31 kati ya 34. Andika namba zote tatu. Kwa muda wa kuanza tumia thamani ya katikati ukizipanga kwa ukubwa, kwa sababu majaribio machache mazito huvuta wastani. Andika na mtawanyiko pia. Baada ya kuumia kichwa kuyumba kati ya jaribio moja na jingine huweza kusema mengi kuliko ucheleweshaji wenyewe.

Mtu mzima mwenye afya huanza mruko wa kuelekea nukta kwa milisekunde 200 hivi, na mruko kinyume huchelewa zaidi ya hapo. Makosa yake ya mruko kinyume huwa kama asilimia 20, ila wapo wenye afya kamili wanaokosea zaidi sana. Watoto na wazee hukosea zaidi. Kwa hiyo asilimia 31.5 peke yake haimfanyi mtu kuwa mgonjwa. Mlinganishe na watu wa umri wake waliopimwa kwa kifaa hicho hicho na utaratibu huo huo. Kama huna kundi hilo, likusanye kabla ya kupima wagonjwa. Bora zaidi ni kumlinganisha na yeye mwenyewe: kikao cha leo na cha wiki 4 zijazo. Kikao cha pili huwa kizuri kidogo kwa sababu ya kuzoea, hivyo nafuu ndogo usiishangilie.

Kisha rudi kwenye yale mafungu mawili ya miruko ya kuelekea, la mwanzo na la mwisho. La mwisho likichelewa sana kuliko la kwanza, mgonjwa alichoka, na makosa ya fungu la tatu la mruko kinyume yasomwe kwa kuzingatia hilo. Kama hata la kwanza lilikuwa zito na kasi ya mruko iko chini, rudi kwenye dawa na hatua ya 2 kabla ya kutaja akili. Lakini miruko ya kuelekea ikiwa safi, kasi nzuri, halafu miruko kinyume ikavurugika, hapo una sababu ya kuzungumzia kujizuia na umakini.

13. Ripoti

Taja kifaa, Hz, umbali, jicho lililorekodiwa, kosa la kalibresheni, majaribio halali, dawa, usingizi, na alama za dalili mwanzo na mwisho. Ndipo matokeo. Andika "matokeo yanaendana na ugumu wa kujizuia" pamoja na vipimo vingine vya akili alivyofanya. Usiandike "ana jeraha la ubongo" wala "amepona, arudi uwanjani" kutokana na macho pekee. Tofauti kati ya kundi la wagonjwa na kundi la wenye afya haitoshi kumhukumu mtu mmoja.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Kifaa hakimpati mgonjwa mwenye miwani. Nyanyua kidogo mikono ya miwani nyuma ya masikio ili vioo viiname na mng'ao uhame kutoka kwenye mboni. Vioo vyenye mstari wa kusomea ni tatizo zaidi, kwa kuwa mstari hupita mbele ya mboni. Kama anaona nukta vizuri bila miwani, aivue, na vikao vyote vijavyo avue.

Jicho linapotea anapotazama chini, au mboni inaonekana nusu. Kope imeshuka. Shusha kamera, ipandishe skrini kidogo, mwombe afungue macho bila kukaza. Wanja na rangi za nywele za kope zifutwe kabla, kwani weusi wake kamera hudhani ni mboni.

Mstari unatetemeka hata anapotazama katikati. Jiulize kwanza ni kifaa au ni jicho. Tetemeko la kifaa halina mpangilio na mara nyingi huonekana kwenye jicho moja. Nistagmasi ina mdundo: inateleza polepole upande mmoja na kurudi kwa kasi, macho yote mawili pamoja. Ukiiona, acha kipimo cha akili na umjulishe daktari, maana chanzo kinaweza kuwa dawa, sikio la ndani au shina la ubongo.

Makosa yote yako upande mmoja. Rudia uwanja wa kuona. Ukiwa mzima, mfikirie mgonjwa anayepuuza upande mmoja, jambo linaloweza kutokea jeraha likiwa ubongo wa kulia. Toa takwimu za kulia na kushoto mbalimbali, usizichanganye.

Makosa ni karibu asilimia 100. Hakuelewa, au mafungu yamebadilishwa kwenye programu. Angalia faili kabla ya kumwangalia mgonjwa.

Muda wa kuanza ni mrefu kwa kila mtu, hata wenye afya. Skrini inachelewesha. Rudi hatua ya 4.

Kalibresheni ilikuwa nzuri, lakini kufikia fungu la tatu nukta zote zimehamia upande mmoja. Ameteleza kwenye kiti, au egemeo limelegea. Kaza, mketishe upya, anza kalibresheni, na lile fungu lililohama lirudiwe badala ya kusukumwa kwa hesabu.

Analia, au anakasirika na kusema kipimo hakina maana. Simamisha. Hasira za ghafla na machozi ni sehemu ya jeraha lenyewe kwa wengi. Mpe maji na muda, mwulize kama anataka kuendelea siku nyingine, na data ya fungu hilo iwekwe pembeni ikiwa na maelezo ya kilichotokea.